Mazungumzo ya 14: Chai ya Chango na Afya ya Mama

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka polepole.)

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni unaosha vyombo, viache kidogo. Kama uko shambani na redio yako iko chini ya mwembe, sogea karibu. Na wewe baba, usiinuke ukadhani leo ni mambo ya wanawake peke yao. Anayekunywa dawa tutakayoizungumzia ni mke wako, dada yako au binti yako, na mara nyingi pesa za kuinunua hutoka mfukoni mwako.

Leo tutazungumza juu ya chai. Sina maana ya chai ya maziwa na mahamri. Nina maana ya ile chai ya mizizi, magamba na majani, inayochemshwa mpaka maji yabadilike rangi, ikatiwa kwenye chupa ya soda, na mama akaambiwa, "Kunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, chango litatulia." Hapa Pwani wengi wetu tumelelewa nayo. Mimi mwenyewe nilipovunja ungo na kuanza kuumwa na tumbo kila mwezi, nyanya yangu alinichemshia. Ilikuwa chungu, nilikunja uso, naye akasema, "Meza, mwanangu, hii ndiyo iliyomlea mama yako." Kwa hiyo sikuja hapa kuwatukana wazee wetu. Nimekuja kuwaeleza nilichojifunza, na kingine nilijifunza kwa uchungu.

CHANGO NI NINI?

Tuanze na jina lenyewe. Muulize mama mmoja chango ni nini, atakwambia ni maumivu ya hedhi. Wa pili atakwambia ni hedhi isiyokuwa na mpangilio. Wa tatu atasema ni kutoshika mimba. Wa nne atasema ni mimba kuharibika kila mara. Mwingine atasema ni tumbo linalokata baada ya kujifungua. Na hata mtoto mchanga akilia usiku kucha akijikunja miguu, tunasema ana chango.

Unaona, msikilizaji? Jina ni moja lakini magonjwa ni mengi. Maumivu ya kawaida ya hedhi hutokana na kizazi kujikaza ili kusukuma damu nje. Hedhi iliyovurugika inaweza kutokana na homoni, uvimbe kwenye kizazi, dawa za kupanga uzazi, au mimba yenyewe. Kutoshika mimba kunaweza kutokana na mirija iliyoziba baada ya ugonjwa wa zinaa, na wakati mwingine tatizo liko kwa mume wala si kwa mke. Mtoto anayelia anaweza kuwa na gesi tumboni, au ana njaa, au ana homa.

Sasa nikuulize: chupa moja ya dawa itatibuje yote hayo? Ukienda dukani ukasema, "Nipe kitu," mwenye duka atakuuliza kitu gani. Hata tumbo ni hivyo hivyo. Kwanza tujue ni nini.

MAMA NILIYEMGOMBEZA

Nitawasimulia jambo ambalo silisahau. Nilikuwa nimemaliza diploma yangu ya uuguzi, bado kijana, na nilikuwa nikifanya kazi katika zahanati moja ndogo. Siku ya kliniki ya wajawazito akaja mama mmoja, mimba yake ya pili. Wa kwanza alikuwa amezaliwa kwa upasuaji. Alipofungua kikapu chake kutoa kadi ya kliniki, nikaona chupa ya dawa ya mizizi.

Nilipandisha sauti. Mbele ya kina mama wenzake waliokuwa kwenye foleni, nilimwambia ni mshamba, anataka kuua mtoto, na akitaka kutibiwa na mizizi asije kwangu. Kina mama wengine wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akairudisha ile chupa chini ya leso. Nilijiona nimefanya kazi nzuri ya kuelimisha.

Ziara iliyofuata nilimuuliza kama bado anakunywa dawa. Akasema, "La, sista, niliacha." Nikaandika kwenye kadi nikaridhika.

Wiki chache baadaye aliletwa kwa bodaboda, ameshikiliwa na wifi yake. Uchungu ulikuwa umeanza usiku, na nyumbani wakampa dawa ya kuharakisha ili mtoto atoke upesi. Uchungu wa kawaida huja na kupumzika. Wake ulikuwa haupumziki. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nilisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, nikasikiliza tena, sikuyapata. Tulimkimbiza hospitali kubwa akapasuliwa. Kizazi kilikuwa kimechanika pale pale kwenye kovu la zamani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nilimtembelea wodini. Sikuwa na la kusema. Yeye ndiye aliyesema kwanza: "Sista, nilitaka kukwambia kwamba mama mkwe ameniwekea dawa ya siku ya uchungu. Lakini niliogopa utanigombeza tena."

Wasikilizaji, dawa ilifanya kosa lake, nami nilifanya langu. Kama ningemkalisha chini kwa heshima, nikamuuliza, "Mama, hii ni dawa gani, na unapewa ya nini?" angenieleza. Ningemwambia kuhusu lile kovu. Pengine hata mama mkwe angeitwa tukazungumza. Tangu siku hiyo, chupa ya dawa nikiiona kwenye kikapu siigombezi. Naiulizia.

(Muziki mfupi.)

MITISHAMBA INA NGUVU KWELI

Kuna watu husema mitishamba ni maji tu, haina kitu. Si kweli. Nami nawaambia kwamba sababu ya kuiogopa ni hiyo hiyo ya kuiheshimu: ina nguvu.

Nitawapa mfano kutoka Kongo. Katika miaka ya 1960, daktari mmoja kutoka Norway aliyeitwa Lorents Gran alikuwa akifanya kazi kule. Aliona kwamba baadhi ya wanawake wanaojifungua walikuwa wakinywa chai ya majani iliyoitwa kalata-kalata ili uchungu uende mbio. Alichukua majani hayo kuyachunguza. Ikaonekana kweli ndani yake mna kitu kinachokaza kizazi. Baadaye, mwaka wa 1995, wataalamu walieleza umbo la kitu hicho, nao wakashangaa: kimefungwa kama pete yenye fundo, ndiyo maana hata kikichemshwa kwenye maji moto hakiharibiki. Wale kina mama wa Kongo hawakuwa wajinga. Walikuwa na dawa ya kweli mkononi.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Hospitalini pia tuna dawa ya kuongeza uchungu, inaitwa oksitosini. Tukiitumia kuongeza uchungu, tunaipitisha kwenye maji ya mshipa, tone kwa tone. Tunakaa karibu na mama, tunahesabu uchungu, tunasikiliza moyo wa mtoto. Uchungu ukizidi, tunafunga bomba mara moja. Na mama mwenye kovu la upasuaji haongezewi ovyo ovyo. Sasa kikombe cha chai ukishakimeza, bomba lake liko wapi? Hakuna wa kulifunga.

Halafu kuna kipimo. Kidonge cha panadol kimeandikwa miligramu 500, kiwe cha Mombasa au cha Kisumu. Mzizi haujaandikwa. Mzizi wa msimu wa kiangazi na wa msimu wa mvua hautoshani nguvu. Uliochemshwa dakika kumi si sawa na uliolala kwenye maji siku tatu. "Kamata kwa vidole vitatu" ni kipimo cha vidole vya nani?

Msidhani kwamba sisi wa hospitali tunaidharau miti. Dawa ya malaria tunayowapa leo, ile ya vidonge vya AL, imetokana na mmea wa China uitwao artemisia, na mwanasayansi Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Hapa kwetu, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI imekuwa na kituo cha kuchunguza dawa za kienyeji kwa miaka mingi. Mti unaweza kuwa dawa. Ila kati ya mti na dawa kuna kazi ya kupima: unatibu nini, kiasi gani, na nani asiutumie.

CHAI ISIYO NA SHAKA

Mtaniuliza, "Basi muuguzi, tuache kila kitu?" La. Kuna viungo vya jikoni ambavyo mama anaweza kunywa kwa kiasi cha chakula bila wasiwasi.

Kwanza ni tangawizi. Tafiti kadhaa zimeonyesha tangawizi hupunguza kichefuchefu cha mimba changa, na pia husaidia maumivu ya hedhi. Chukua kipande kidogo, nusu ya kidole gumba, kiponde, kichemshe kwa vikombe viwili vya maji. Kunywa kikombe kimoja au viwili kwa siku. Ukiona kiungulia, punguza. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, muulize daktari kwanza.

Pili ni mchaichai. Majani mawili matatu kwenye maji yanayochemka, harufu yake huburudisha, na mtu aliyechoka hutulia. Mdalasini na iliki kidogo kwenye chai pia havina neno.

Tatu ni mlonge, ambao wengine huuita mzunze. Hapa tuelewane vizuri. Majani yake ni mboga nzuri sana. Yapike, uyale na ugali au wali. Lakini mizizi na magamba yake si chakula, na mwenye mimba asivitumie kabisa.

Na kwa maumivu ya hedhi ya kawaida, usisahau chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, ukaiweka chini ya kitovu. Haina gharama. Ikiwa maumivu bado yapo, dawa ya ibuprofeni husaidia wengi, hasa ukiianza mapema na ukiwa umekula. Usiitumie ukiwa mjamzito, wala ukiwa na vidonda vya tumbo.

CHAI YA KUEPUKA

Sasa nitaje za kuepuka wakati wa mimba, au ukiwa na shaka kwamba una mimba.

Mwarobaini. Jina lake latuambia hutibu maradhi arobaini, lakini kuwa mjamzito si mojawapo ya maradhi. Kwa wanyama waliochunguzwa, mwarobaini umeonyesha uwezo wa kuharibu mimba. Uache mpaka ujifungue, na ukinyonyesha pia uuache.

Shubiri. Ule utomvu wa manjano ulio chungu huharisha vikali, na tumbo likisokota, kizazi nacho husumbuka.

Na tatu, dawa yoyote ya "kusafisha kizazi". Mama zangu, kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi kwa hedhi, na baada ya kujifungua kwa ile damu ya uzazi inayopungua taratibu. Hakihitaji sabuni wala dawa. Na njia ya uzazi vilevile: usitie majani, unga wala vidonge vya kununua mtaani. Vinachubua, vinaleta uvimbe, na mchubuko hufungua mlango kwa virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine.

Mama anayetumia ARV, dawa za kifafa, za kisukari au za presha, usichanganye na mitishamba kabla hujauliza. Mingine hupunguza nguvu ya dawa zako na mingine huizidisha. Yote huchujwa na ini na figo hizo hizo.

Na mtoto mchanga je? Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Si maji, si maji ya sukari, si dawa ya chango. Tumbo lake ni dogo, na dawa tone mbili kwako ni nyingi kwake. Anayelia mbebe wima, mcheulishe, msugue tumbo polepole. Akiwa na homa, akikataa kunyonya au akilegea, mlete kliniki siku hiyo hiyo.

(Muziki mfupi.)

CHAI INAPOFICHA UGONJWA

Hatari nyingine ya chai ya chango haimo ndani ya kikombe. Ni muda. Mama ananunua chupa ya kwanza, anangoja mwezi. Ananunua ya pili, anangoja tena. Mwaka unakwisha, na ugonjwa nao umekua.

Kwa hiyo shika hesabu hizi. Hedhi ya kawaida ya mtu mzima huja kila baada ya siku 21 hadi 35, na damu hutoka kati ya siku mbili na saba. Ukiona mambo haya, weka kikombe chini uje hospitali:

Damu nyingi inayolowesha pedi nzima kila saa moja.

Damu inayotoka baada ya kukutana na mumeo, au kati ya hedhi na hedhi.

Damu inayorudi baada ya hedhi kukoma mwaka mzima au zaidi. Kina mama wa makamo, naomba mnisikie hapa. Wengine hufurahi, husema, "Ujana umenirudia." Sio ujana. Ni lazima uangaliwe.

Maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo ukiwa umekosa hedhi, hasa kama unasikia kizunguzungu. Hiyo yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Ikipasuka, mama hufa kwa damu inayovujia ndani, bila tone kuonekana nje.

Uchafu wenye harufu mbaya pamoja na homa.

Na kwa mjamzito: kuumwa sana na kichwa, kuona ukungu machoni, kuvimba uso, mtoto kupunguza kucheza, au damu yoyote.

Kuna ugonjwa mmoja unaopenda kujificha nyuma ya jina la chango: saratani ya mlango wa kizazi. Huanza kimya, bila maumivu, na huchukua miaka mingi kabla haijawa saratani. Ndani ya miaka hiyo tunaweza kuikamata. Kipimo kimoja ni rahisi sana: muuguzi anapaka siki iliyochanganywa na maji kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, anaangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Dakika chache tu, unavaa nguo unarudi nyumbani. Kipimo cha kirusi cha HPV nacho kipo katika baadhi ya vituo. Kama una miaka kati ya 25 na 49, kipimo hiki ni chako hasa. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI apimwe mara nyingi zaidi. Na binti yako wa miaka 10 hadi 14 ana chanjo ya HPV, ambayo serikali ya Kenya ilianza kuitoa katika chanjo za kawaida Oktoba 2019. Haimfanyi tasa. Inamkinga na kirusi kinacholeta saratani hiyo.

DAWA YA KUONGEZA DAMU

Kuna pia chai nyekundu inayouzwa kama dawa ya kuongeza damu. Msikilizaji, rangi nyekundu haiongezi damu. Kinachojenga damu ni madini ya chuma na folik asidi. Mjamzito hupewa kliniki kidonge chenye miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na folik asidi, anakimeza kila siku. Kikikuletea kichefuchefu, kimeze usiku baada ya kula. Choo kitakuwa cheusi, usiogope.

Na hii wengi hawaijui: majani ya chai ya kawaida hushika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Kwa hiyo usimeze kidonge chako kwa chai, wala usinywe chai na chakula chako cha mboga na maharagwe. Ngoja saa moja au mbili. Badala yake kula chungwa, ndimu au embe, vinasaidia madini hayo kuingia. Dagaa, maini, kunde, mchicha na mnavu ni vyakula vya damu vilivyo karibu nasi.

NILIPOKWENDA KWA BIBI

Baada ya yale yaliyompata yule mama, nilimwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anipeleke kwa bibi anayechimba dawa. Nilikwenda bila vazi langu la kazi. Nilikaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa kugombeza?"

Habari ilikuwa imefika. Nikasema, "Ndiyo, Bibi. Nimekuja kuomba radhi, na kuuliza."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tulikuwa tukizalisha hapa kabla hiyo zahanati yenu haijajengwa. Mama akija usiku analia, ningemwambia arudi?"

Hakuwa na makosa. Tulikaa mpaka alasiri. Hakunionyesha miti yake yote, nami sikumlazimisha. Lakini tulikubaliana mambo matatu ya kumuuliza kila mama kabla ya kumpa chochote: Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Umewahi kupasuliwa? Unatumia dawa gani ya hospitali? Akiwa mjamzito, au ana kovu, au anatoka damu, Bibi hampi dawa, anamtuma kwetu. Nami nikaahidi kwamba anayetumwa na Bibi hatatukanwa mlangoni.

Baada ya mwezi mmoja hivi alikuja mwenyewe, anamshika mkono msichana aliyekuwa akitoka damu. Akaniambia, "Huyu si wangu. Ni wako." Msichana yule alikuwa na mimba iliyoharibika. Alitibiwa siku hiyo hiyo akapona. Nilimpa Bibi kiti, nikamkaribisha chai. Chai ya maziwa.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Tuna nafasi ya maswali matatu mliyotuma.

Dada mmoja anauliza: "Nimeolewa mwaka mmoja na nusu, sijashika mimba. Mama mkwe ananinunulia dawa kila mwezi. Nifanye nini?" Dada yangu, pole. Kama mmekuwa pamoja mwaka mzima bila kinga na mimba haijashika, ni wakati wa kwenda kupimwa, wewe na mumeo, nyote wawili. Kama una miaka 35 na zaidi, msingoje mwaka, nendeni baada ya miezi sita. Mwambie mama mkwe kwa upole: "Mama, kabla ya dawa nyingine, wacha tujue tatizo liko wapi."

Baba mmoja anauliza: "Mke wangu akijifungua, mama yangu humkanda kwa maji moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Ni vibaya?" Uji na supu ni vizuri, mama anahitaji chakula na maji mengi ili maziwa yatoke. Kukandwa mgongo kwa kitambaa cha uvuguvugu kunaburudisha. Lakini maji yasiwe ya kuchoma, na tumbo lenye kidonda cha upasuaji lisikandwe. Damu ikizidi, asikandwe, aletwe.

Wa tatu anauliza: "Hospitali ni pesa, mizizi ni bei rahisi." Naelewa. Lakini piga hesabu ya chupa kumi na mbili za mwaka. Vidonge vya damu na chanjo kliniki ni bure. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Jiandikishe mapema, usingoje uchungu uanze. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako akusaidie kujiandikisha na akueleze huduma zinazolipiwa.

KWA KUMALIZIA

Msikilizaji mpendwa, wakati wetu umekwisha. Ukienda kliniki wiki hii, bebea muuguzi ukweli. Mwambie unachokunywa. Kama una chupa, ije nayo kwenye kikapu. Na nyinyi wauguzi wenzangu mnaonisikia, chupa hiyo ikitolewa, tafadhali msipandishe sauti. Yule mama angenieleza, nami sikumpa nafasi.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa. Afya njema.

(Muziki wa kufunga kipindi.)

Mambo ya kukumbuka

1. Chango ni jina moja la magonjwa mengi. Pimwa kwanza.
2. Tangawizi na mchaichai kwa kiasi cha chakula ni sawa. Mwarobaini, shubiri, na mizizi na magamba ya mlonge si vya mjamzito.
3. Usinywe kamwe dawa ya kuharakisha uchungu nyumbani, hasa kama una kovu la upasuaji.
4. Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu.
5. Damu isiyo ya kawaida haingoji chupa ya pili.
6. Mwambie muuguzi kila unachokunywa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, neno chango lina maana gani? Tajeni zote.
2. Kwa nini mama huficha dawa anazokunywa? Nani anaweza kumsaidia aseme?
3. Mnawezaje kushirikiana na wakunga wa jadi ili mama afike hospitali mapema?